Kitanda Usicholalia: Kuku, Kamati na Sakafu ya Waya

Mwaka 1965 kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilitoa ushauri mmoja mdogo, uliokaa pembeni kabisa ya mambo makubwa iliyotumwa kuyachunguza. Ulihusu sakafu. Kuku wa mayai wanaofugwa vizimbani, ilisema kamati, wasisimamishwe juu ya ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, ambao wafugaji wengi wanaujua kwa kuzungushia mabanda. Wawekewe sakafu ya waya mnene zaidi, wa matundu ya mstatili. Sababu haikuhitaji maelezo marefu: waya mwembamba unaumiza miguu.

Miaka minane baadaye watafiti wawili wakawauliza kuku wenyewe. Kuku wakachagua wavu mwembamba.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho, wasomi wameumbuliwa na mitetea, halafu watu wanaendelea na mambo mengine. Nadhani kimepunjwa. Ukikaa nacho kinaonyesha huruma ya watu inavyofanya kazi, inapokosea njia, na pia jinsi jibu sahihi la mnyama linavyoweza kutumiwa vibaya na mtu asiyekumbuka aliuliza swali gani.

Tuanze na hasira ya watu, kwa kuwa ndiyo iliyoizaa kamati. Mwaka 1964 Ruth Harrison, ambaye hakuwa mwanasayansi wala mfugaji, alichapisha kitabu kiitwacho Animal Machines. Alikuwa amechochewa na kikaratasi cha wanaharakati kilichoachwa nyumbani kwake, kikieleza jinsi ndama wa nyama nyeupe wanavyofugwa. Akaamua kufuatilia. Alichokikuta ni ndama waliofungwa gizani wasipate nafasi ya kugeuka, na kuku waliopangwa kwenye vizimba, safu juu ya safu, kama bidhaa ghalani. Wasomaji wengi hawakuwa na habari. Kichwani mwao yai lilikuwa bado linatoka kwa kuku anayechakura uani, na ghafla wakaambiwa kwamba uani hakuna kuku. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka huohuo serikali ikaunda kamati chini ya Profesa F. W. Rogers Brambell, mwanazoolojia wa chuo kikuu cha Bangor, huko Wales.

Ripoti yake ilikuwa ya kijasiri kwa zama zile, na ni haki kulisema hilo kabla ya kufika kwenye sakafu. Ilisema ustawi wa mnyama ni wa mwili na wa akili pia. Ilikataa kukubali kwamba kuku akitaga vizuri basi hiyo pekee inatosha kuthibitisha kuwa ana raha. Ilisema hisia za mnyama zitafutwe katika ushahidi wa kisayansi unaotokana na maumbile yake na mwenendo wake. Miongoni mwa waliokuwamo alikuwa W. H. Thorpe wa Cambridge, bingwa wa kuchunguza tabia za wanyama. Ikapendekeza pia kwamba mnyama apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Vile viwango vya ustawi vinavyoitwa uhuru wa aina tano, vinavyotajwa leo kila mahali panapozungumziwa mifugo, vilichipuka kwenye sentensi hiyo.

Basi inakuwaje watu waliosema tutazame mwenendo wa mnyama wakaiamua sakafu bila kuutazama?

Jibu ni la kawaida kabisa. Hapakuwa na wa kumtazama. Mwaka 1965 hakuna aliyekuwa amewawekea kuku sakafu mbili akakaa kuandika wanasimama wapi. Kamati ilitakiwa kutoa ushauri ule mwaka, si baada ya utafiti ambao haujaanza. Ikatumia kilichokuwapo, yaani akili ya kawaida. Na akili ya kawaida, linapokuja suala la kusimama juu ya waya, husimama kwa nyayo za binadamu. Wahenga walisema kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Hapa waheshimiwa walikuwa wakihesabu kunguni wa kitanda cha kuku.

Siwacheki, maana nimewahi kulifanya kosa lao kwa makusudi. Chukua vipande viwili vya waya, kimoja cha wavu mwembamba na kimoja cha nondo nyembamba zilizochomelewa kwa mistatili. Viweke juu ya ndoo mbili, kisha egemea kila kimoja kwa kiganja, uzito wote. Wavu mwembamba unachoma. Ukiinua mkono unakuta michirizi myekundu ya pembe sita, imejichora kama muhuri. Ule mnene unaacha alama butu, pana, zinazofutika upesi. Kiganja changu kilipiga kura upande wa kamati bila kusita.

Ila kiganja si mguu wa kuku.

Watafiti wawili, Barry Hughes na A. J. Black, walichapisha matokeo yao mwaka 1973. Hughes alikuwa katika kituo cha utafiti wa kuku mjini Edinburgh. Majaribio ya namna hii ni mepesi kuyaeleza, magumu kuyafanya vizuri. Unamweka kuku mahali penye sakafu za aina tofauti, na anapita atakavyo kutoka moja hadi nyingine. Kisha unahesabu muda anaotumia kwenye kila moja. Ugumu uko kwenye vitu vingine vyote. Chakula kikiwa karibu na sakafu moja, utakuwa umepima njaa. Mwanga ukiwa mkali zaidi upande mmoja, utakuwa umepima mwanga. Kuku akiwa na jirani upande wa kulia, huenda anamfuata mwenzake na sakafu haimhusu. Kwa hiyo mtafiti makini huhamisha sakafu kutoka upande hadi upande, na hana haraka, kwa sababu kuku aliyeingizwa mahali pageni saa za kwanza huwa na jambo moja tu akilini, nalo ni mashaka.

Matokeo: wavu wa pembe sita, uleule uliokataliwa, ndio uliopendelewa kuliko ile sakafu nene iliyopendekezwa.

Kwa nini? Mtazame kuku anavyosimama. Hakanyagi kwa unyayo kama sisi. Anasimama kwa vidole, vitatu vinaelekea mbele na kimoja nyuma, na kile tunachodhani ni goti lake lililopinda kinyumenyume ndicho kifundo chake cha mguu. Chini ya vidole kuna vitakia vidogo vya nyama, kimoja kimoja, na uzito wake wote unashukia hapo. Sasa mweke juu ya matundu makubwa ya mstatili. Kidole kinalala juu ya uzi mmoja au mbili, na kilichobaki kinaning'inia hewani. Waya ni mnene, ndiyo, lakini ni mchache. Zilipopigwa picha kutoka chini, kupitia sakafu yenyewe, ilionekana kwamba wavu wa pembe sita unakibeba kidole mahali pengi zaidi. Na ukiupapasa wavu huo utahisi kitu kingine ambacho nadhani kina uzito: unanepa kidogo. Ule mwingine haunepi.

Nazipenda hizo picha kuliko takwimu zote za kisa hiki. Kamati iliitazama sakafu kutoka juu, ambako jicho la binadamu liko. Jibu lilikuwa upande wa pili.

Hapa ndipo msimuliaji wa kichekesho huishia. Mwenye vizimba naye angependa tuishie hapahapa, maana kuna hitimisho linalomnyemelea msomaji: kumbe kuku hawana shida na waya, kumbe wanaupenda, kumbe watetezi wao ni watu wa machozi tu. Hitimisho hilo ni la uongo, na uongo wake umo ndani ya jaribio lenyewe. Kuku hawakuulizwa kama wanapenda waya. Waliulizwa kama wangependa sakafu hii au ile, na palipokosekana kitu kingine wakachagua nafuu. Mtu aliyeambiwa achague kati ya kulala juu ya meza na kulala juu ya mawe, akachagua meza, hajasema kwamba hataki godoro.

Hughes alilijua hilo. Mwaka 1976 alichapisha jaribio lililowapa kuku godoro: sakafu ya waya upande mmoja, na upande mwingine sakafu yenye matandiko, ya aina ya maranda. Wakachagua matandiko. Marian Dawkins wa Oxford akabana zaidi mwaka 1981. Kuku wanataka nafasi, na wanataka matandiko. Je, ukiwalazimisha kuacha kimoja wataacha kipi? Aliwawekea kizimba kikubwa chenye waya na kizimba kidogo chenye matandiko. Walielekea kidogo. Si ajabu ukiwajua. Kuku hutumia sehemu kubwa ya siku akichakura kwa kucha na kudonoa, na huoga vumbi: hulala ubavu, akajitifulia chembechembe manyoyani kwa mabawa, kisha husimama akajikung'uta. Juu ya waya anaweza kuigiza ishara zote za kuoga, na vumbi lisiwepo. Aliyewahi kumwona kuku akioga hewa hivyo hasahau.

Lakini Dawkins huyohuyo alikuwa amegundua mtego mwingine mapema, mwaka 1977, na kwangu huo ndio unaotisha. Aliwapa kuku kuchagua kati ya kizimba na uwanja wa nje wenye majani. Waliokuwa wameishi nje walichagua nje. Waliokuwa wameishi kizimbani, mwanzoni, waliingia kizimbani. Hapo mtu mwenye haraka angefunga daftari na kwenda kuandika kwamba kuku wa vizimba wameridhika na vizimba vyao. Waliendelea kupewa nafasi ya kuchagua, na baada ya kuonja nje mara kadhaa nao wakageukia nje. Kile cha kwanza hakikuwa upendeleo, kilikuwa mazoea, na mazoea huonekana kama kuridhika kwa mtu anayetazama siku moja tu.

Kuna na swali la uzito. Kuchagua hakugharimu kitu, na mtu anaweza kupendelea kikombe chekundu kuliko cha bluu bila kuumia akikosa. Ndiyo maana Dawkins na wengine baada yake walianza kumtoza mnyama bei: asukume mlango mzito, ajipenyeze mahali pembamba, afanye kazi ndipo apate. Anachokilipia sana ndicho anachokihitaji. Mwaka 2003 Jonathan Cooper na Michael Appleby walilinganisha nguvu ambazo kuku anatumia kufikia kiota na nguvu anazotumia kufikia chakula. Dakika 40 kabla ya kutaga, alisukuma kwa ajili ya kiota sawasawa na anavyosukuma kwa ajili ya chakula baada ya kukaa saa nne bila kula. Dakika 20 kabla ya kutaga, akasukuma mara mbili ya hapo.

Fikiria hilo kidogo. Kila siku, au karibu kila siku, kuku wa mayai anafika kwenye dakika hizo 20. Akiwa kwenye kizimba kitupu hana mlango wa kusukuma, basi anatembea. Anakwenda na kurudi hatua mbili tatu, anachuchumaa, anainuka, anasukuma kichwa kwenye waya. Yai linatoka, linabingirika kwenye mteremko wa sakafu na kwenda zake. Hakuna damu, hakuna jeraha, na hesabu ya mayai inapendeza.

(Si kwamba uchaguzi wa mnyama ndio neno la mwisho. Mnyama anaweza kuchagua kitu kitamu leo kikamdhuru mwezi ujao, kama sisi. Kwa hiyo watafiti wa ustawi hutazama pia mifupa, nyayo, magonjwa na vifo. Ila hayo yalikuwa yakipimwa tangu zamani, kwa sababu yanagusa faida. Kiota hakikuwa kinagusa faida ya mtu.)

Turudi kwa watu. Hasira ya mwaka 1964 iliwaka kwa sababu ya kile kinachoonekana, na mpaka leo mambo hayajabadilika sana. Picha ya kizimba inaonyesha msongamano, manyoya yaliyonyonyoka, waya. Kamera haiwezi kukuonyesha kiota kisichokuwepo. Haiwezi kukuonyesha kuku anatafuta nini. Kwa hiyo maoni ya umma juu ya ustawi wa kuku ni makali kuhusu nafasi na ni mepesi kuhusu matandiko na viota, ingawa kuku mwenyewe, alipolazimishwa kupanga, aliiacha nafasi akafuata matandiko. Sisemi nafasi si kitu. Kuku wasioweza kukunjua bawa wananyimwa jambo la msingi. Nasema tumelishika haraka kwa kuwa sisi wenyewe tunaogopa kubanwa.

Ushahidi mzuri wa hili ulitoka California, Novemba 2008. Wapiga kura waliulizwa kama wanakubali sheria inayotaka mnyama wa shambani aweze kulala, kusimama, kunyoosha viungo vyake na kugeuka bila kuzuiwa. Isome tena orodha hiyo: ni karibu maneno ya Brambell, yamevuka bahari baada ya miaka 43, bado yakipima mwili na nafasi, bila kiota wala vumbi. Zaidi ya asilimia 63 walisema ndiyo.

Na wakati wapiga kura hao wanasema ndiyo, sehemu kubwa ya mayai yaliyokuwa yakinunuliwa katika jimbo hilohilo ilikuwa ya kuku wa vizimbani. Mayai ya kuku wasiofungwa yalikuwapo dukani, pembeni, kwa bei ya juu. Wachumi wa kilimo, Jayson Lusk akiwa mmojawapo, wamelichunguza sana pengo hili kati ya kura na pochi. Wapo wanaouita unafiki. Mimi naona lugha hiyo ni nyepesi mno. Kwenye sanduku la kura mtu anaamua kwa niaba ya wote: bei ikipanda, itapanda kwa kila mmoja, na vizimba vitaondoka kweli. Mbele ya rafu yuko peke yake, na trei yake moja haitamtoa kuku hata mmoja kizimbani. Maswali mawili tofauti, majibu mawili tofauti. Tumeshaliona jambo hili: kuku mmoja, aliyeulizwa waya au waya, alisema waya, alipoulizwa waya au matandiko, alisema kingine. Hatukumwita mnafiki.

Kinachonisumbua zaidi katika tafiti za maoni ya watu ni kwamba mara nyingi zinaishia pale Dawkins alipokataa kuishia, yaani siku ya kwanza. Mtu anaulizwa kama anajali ustawi wa wanyama, anasema anajali sana, na asilimia kubwa inachapishwa. Hakutozwa chochote. Hajapewa cha kulinganisha. Tungempima kuku kwa uzembe huo, tungekuwa bado tunabishana kuhusu waya.

Sheria, kwa mwendo wake wa kobe, ilisikia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo kuhusu kuku wa mayai. Vizimba vitupu, ambavyo kuanzia 2003 vilitakiwa kumpa kila kuku angalau sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi moja ya A4, vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Vizimba vilivyoruhusiwa kubaki vilitakiwa kuwa na sentimita za mraba 750 kwa kuku, na pamoja nazo kiota, matandiko ya kuchakura na fito za kutulia. Hizo tatu za mwisho hazikutoka kwenye picha za msongamano. Zilitoka kwa kuku waliosukuma milango. Wapo waliosema bado ni kizimba, na mwaka 2020 wakawasilisha sahihi karibu milioni 1.4 wakitaka vizimba vyote viondolewe. Mwaka uliofuata Tume ya Ulaya ikaahidi kuleta pendekezo la sheria kufikia mwisho wa 2023, na mwaka huo ukaisha bila pendekezo kuletwa.

Ndani ya mwongozo ule wa 1999 kuna kifungu kifupi kuhusu sakafu za vizimba. Hakisemi waya uwe mnene, hakisemi uwe mwembamba. Kinasema sakafu itengenezwe kwa namna ya kubeba ipasavyo kila ukucha unaoelekea mbele, wa kila mguu. Mkaguzi anayetaka kujua kama kifungu hicho kimetimizwa hatajua akiwa amesimama. Inabidi achuchumae, ainamishe kichwa chini ya kizimba, na atazame juu.